Mjomba na Suruali ya Mvua

Mjomba alikuja Cardiff mwezi wa Oktoba akitokea Tanga, na alipochoka kukaa karibu na hita akatangaza kwamba anataka mlima. Nikamtajia Pen y Fan, mita 886, mrefu kuliko yote kusini mwa Wales. Akaniuliza tena kama kweli nimesema mia nane.

"Mjomba, Lushoto sokoni pako juu kuliko hapo, na watu wanafika kwa basi na magunia ya kabeji," akasema; kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba.

Hesabu yake ilikuwa sahihi, Lushoto mjini ni kama mita 1,400. Ila upepo wa Lushoto hautoki Atlantiki moja kwa moja.

Tuliegesha gari Pont ar Daf, kando ya barabara ya A470. Hapo tayari uko kama mita 440 juu ya bahari, kwa hiyo kinachobaki ni nusu ya mlima tu, kilomita tatu hivi za njia iliyotandikwa mawe. Kanuni ya Naismith, ambayo wapanda milima wa Uingereza wanaitumia tangu 1892, inasema hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ukipiga hesabu unapata kama saa moja na dakika 20. Kanuni hiyo haina kifungu kuhusu mtu anayesimama kumsalimia kila anayeshuka na kumuuliza kama watoto hawajambo.

Chini palikuwa na jua na nyuzi joto 9. Kila unapopanda mita 150 joto hupungua karibu nyuzi moja, basi kileleni tulitegemea 6. Sita peke yake si kitu. Balaa ni upepo: ukivuma kilomita 60 kwa saa, sita hiyo hiyo mwili unaihesabu sifuri. Na Oktoba jua la Pont ar Daf halimaanishi chochote, mawingu ya kusini-magharibi yanaweza kufika kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu.

Mavazi yake hayakuwa mabaya kama mtu angedhani. Suruali ya tetroni aliyoshonewa na fundi wake ni bora mara kumi kuliko jinzi, maana jinzi ikilowa inakuwa nzito, inanyonya joto la mapaja na haikauki mpaka kesho yake. Ndani alivaa fulana ya sufu, juu sweta, na baraghashia ikiwa imeshikiliwa na kofia ya jaketi. Tulichogombania ni mwavuli. Akaubeba. Upepo wa kwanza ukaupindua, vijiti viwili vikavunjika, akaukunja akaufanya bakora. Kwa kazi hiyo ulifaa sana.

Nguo za mvua huvaliwa kabla ya kufika mgongoni mwa mlima, ukiwa bado umekingwa na mteremko. Huku Bwlch Duwynt, njia inapotokeza juu, upepo unakuja wote kwa pamoja. Kwa hiyo nilisimamisha msafara chini kidogo ya hapo, wingu likiwa limeshafunika Corn Du, kilele jirani.

Suruali za mvua, zile za nailoni unazovaa juu ya suruali yako, ziko za namna tatu: zenye zipu ya mguu mzima, zenye zipu mpaka gotini, na zenye zipu fupi kifundoni. Ya kwanza unaivaa bila kuvua buti wala kutukana. Ya tatu ni bei nafuu, na ndiyo Mjomba aliyoichagua dukani. Nayo ina ujanja wake: buti unaivika kwanza mfuko wa plastiki, inateleza mpaka chini, halafu unahamishia mfuko mguu wa pili. Nikautoa mfuko mfukoni.

"Kwetu hiyo ina faini," akasema, akageuza uso.

Ni kweli, Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2019. Mjomba ni mtu wa sheria. Akasukuma buti kavukavu, kisigino kikanasa kwenye bitana, akabaki anarukaruka kwa mguu mmoja huku mguu wa suruali usio na mtu ukivimba kama tanga.

"Mjomba, kaa juu ya begi!"

Sababu ya begi ni kwamba nailoni na nyasi zilizolowa havishikani hata kidogo. Mjomba naye alikuwa na sababu yake ya kukataa: ndani ya begi kulikuwa na sambusa. Akaketi kwenye nyasi pembeni ya njia, akakaza meno, akavuta mpaka suruali ikapanda kiunoni, akatabasamu. Halafu akaanza kuondoka.

Mwanzoni taratibu, ameketi kwa heshima zake zote, bakora mkononi.

"Mjomba! Mjomba, naenda!"

"Lala kifudifudi!" Hiyo ndiyo dawa yake: unageuka tumbo chini, unajiinua kwa viganja na ncha za buti ili nailoni isiguse nyasi. Yeye alisikia "lala" tu. Akalala chali. Sasa na jaketi nalo likawa linateleza, mwendo ukaongezeka, kondoo wawili wakampisha. Mtaro wa maji wenye tope jekundu ukampokea.

Shingoni nilikuwa nimemvisha filimbi. Ishara ya kuomba msaada ni mipulizo sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Mjomba aliwahi kuwa refa wa ligi ya mtaani, akapuliza kama anatoa penalti. Bibi mmoja aliyekuwa anashuka na mbwa wake alishatoa simu apige 999, aombe polisi kisha waokoaji wa milimani, Mjomba akamwahi kwa kumuuliza kama watoto hawajambo.

Nikamkagua: kifundo, goti, kiganja, vyote vizima. Aliyeingiwa na baridi hutetemeka, hujikwaa na maneno humkokota. Maneno ya Mjomba hayakukokota hata kidogo, mengine siwezi kuyaandika. Lakini mtu aliyelowa hapandi kwenye upepo, basi tukala sambusa, zote zikiwa hazijapondeka kama alivyokusudia, tukashuka.

Maegeshoni ndipo tulipogundua kwamba suruali aliivaa nyuma mbele. Akaanza kuivua, buti ikanasa palepale. Akahangaika, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mjomba, ule mfuko."

"Na faini?"

"Tutachanga."