Siku niliyomlevya mkwe wetu kwa DVD

Mkwe wetu, baba wa bwana harusi, ni mzee wa kanisa. Tangu aokoke hajaonja pombe, na akianza kuisema vibaya, ugali unapoa mezani. Huyo ndiye niliyemlevya mbele ya familia mbili, sebuleni kwetu Ibanda, hapa Bukavu, bila kumnunulia hata chupa.

Ilikuwa harusi ya dada yangu mdogo. Pesa ya mpiga video haikuwepo, basi nikaazima kamera ya kaseti za MiniDV, nikajaza kaseti mbili za saa moja moja, nikajifungia chumbani na kompyuta. Balaa! Kila kilichosogea kilikuwa na meno. Bibi harusi akipunga kitambaa, mkono unachanika kandokando kama kile kichana cha mbao cha mama. Akitulia, mkono unarudi kuwa mkono.

Siku hizi najua kwamba haikuwa kasoro. Kamera ile hugawa kila picha mafungu mawili: mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano na kuendelea, jumla 288, halafu wa pili, wa nne, wa sita, 288 mingine. Fungu moja hutangulia jingine kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde. Televisheni ya zamani, ile yenye kisogo, huyachora kwa zamu hivyo hivyo, na jicho halioni mshono. Kompyuta yangu ilikuwa inayabandika yote mara moja, wakati mkono umeshasogea. Ningeyaacha meno yale, DVD ingetoka safi kabisa. Lakini mimi fundi bwana, siachi kitu kizuri bila kukigusa.

Kwanza nikaiamuru programu ichanganye mistari. Meno yakaisha, ila bibi harusi akapata mzimu, unamfuata nyuma na shela yake. Nikafuta. Halafu nikakuta kijisanduku kinauliza: mistari ya juu ianze, au ya chini? Swali gani hilo! Nani anaanza chini? Nikachagua juu. Kumbe kamera za DV huanza na ya chini.

Nikajaribu kwenye mahubiri. Mchungaji kasimama kama nguzo, waumini wameketi, hakuna jino hata moja. Nikachoma DVD 20, zile tupu nilizonunua soko la Kadutu, usiku kucha, umeme ukikatika mara mbili. Asubuhi nikazigawa kwa jamaa kwa maringo.

Jumapili wakwe wakaja kuangalia. Soda zikafunguliwa. Kwenye dansi watu walitetemeka, lakini dansi ni dansi, hakuna aliyeshangaa. Kisha mkwe akainuka peke yake kupeleka zawadi.

Alipokuwa ameketi, alikuwa ametulia kama maji ya Kivu alfajiri. Kuinuka tu, mguu unakwenda mbele, unarudi, unakwenda tena. Sinia likamtetemeka mkononi. Kichwa kikawa kinamfuata kwa kuchelewa. Akafika, akasimama, akatulia tuli. Akageuka kurudi: yale yale.

Sebule ikanyamaza. Mke wake akaweka soda chini polepole.

"Papa, siku ile ulikunywa nini?"

"Fanta!"

"Fanta ya namna gani?"

Shangazi yangu, ambaye Mungu hakumpa breki ya mdomo, akasema, "Rudisha nyuma kidogo, tuone vizuri." Wakarudisha. Mara tatu.

Nikapiga magoti mbele ya televisheni na rimoti mkononi, nawaeleza wakwe habari za mistari: kwamba lililotokea baadaye linaonyeshwa kwanza, lililotangulia linafuata, ndiyo maana mtu anakwenda na kurudi mara 25 kwa sekunde. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyoonekana nimepewa hongo na mzee. Yeye mwenyewe alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo, mwanangu, ni weye ulikunywa?"

Usiku ule nikabadilisha kijisanduku kile kimoja tu, nikachoma upya. Mkwe akatembea kama askari. Nikapita nyumba kwa nyumba nikikusanya zile za kwanza, nikapata 19. Ya 20 iko Kadutu, kwa mdogo wake mkwe, mpenzi mkubwa wa bia ya Primus. Haitoi. Kila kaka yake akianza mahubiri ya pombe, yeye anainuka kimya kimya, anawasha televisheni.