Tumemnunua Rice, Chapati Bado Tunadaiwa

Hebu mtu anisaidie, hii "tumemnunua" ya mashabiki wa Arsenal hapa Busia, upande wa Uganda, huwa inalipwa na mfuko gani? Fundi pikipiki jirani yangu, 2023, alikuja asubuhi kifua mbele, eti "tumemchukua Declan Rice, paundi milioni 105, tumemaliza kazi". Mmemaliza na nani bana? Kijana wa chapati alikuwa amesimama hapo hapo na daftari lake, anamdai 18,000 za kikomando, yaani chapati na maharage, za tangu mwezi wa tatu, akamwangalia tu pole pole akamuuliza, "sasa bosi, kwenye akaunti mmebaki na ngapi?" Fundi bila aibu akasema kocha bado anatafuta straika kwa hiyo hiyo pesa isiguswe.

Na angalia vizuri hao watu, timu ikishinda ni sisi, tumewafunga, tumewanyamazisha, ikipigwa tu unasikia "wale vijana wa Arteta hawana nguvu". Mimi ni wa Manchester United, mimi nina msimamo. Msimu wa 2024/25 tulimaliza nafasi ya 15, na nimesema tulimaliza, sikusema walimaliza. Ila ile ya Grimsby Agosti 2025, timu ya daraja la nne kule Uingereza, penalti 12 kwa 11, hiyo walifungwa wao, mimi siku hiyo nililala mapema. Kwanza Busia nzima hakuna aliyekuwa anajua Grimsby iko wapi, lakini kesho yake hata mama wa samaki ananiuliza hali ya Grimsby, mtu hajawahi kutazama hata kona moja.

Halafu huu mpira umeingia mpaka mdomoni. Serikali 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe cha lazima shuleni, vizuri sana, lakini sisi wa mpakani Kiswahili tulishafundishwa na watangazaji wa redio za upande wa pili. Matokeo yake ni huyu mtoto wangu. Unamtuma chumvi, anarudi mikono mitupu, unamuuliza chumvi iko wapi anakwambia "baba, tumekosa nafasi ya wazi". Amemwaga maji mlangoni, "imegonga mwamba". Mwalimu wake akahama, eti "benchi la ufundi limefanya mabadiliko". Ningemchapa lakini nikikumbuka sauti aliyotumia, na ile r anavyoivuta, naona huyu labda ndiye atatulisha uzeeni.

Wakubwa nao wamejua hiyo njia. Mwenyekiti wetu wa mtaa tulimuita mkutano kuhusu mtaro, maana mvua ikinyesha tunavuka na viatu mkononi, akasimama, akakohoa, akasema "wananchi, suala la mtaro liko VAR", ile video ya marefa. Watu wakapiga makofi! Mtu mzima amekwambia hajui kitu na wewe unapiga makofi kwa sababu amekisema kwa lugha ya Jumamosi. Mimi niliuliza refa ni nani. Nikaambiwa dakika zimeisha.

Tuache hiyo. Wale ndugu zetu wa Arsenal kule Jinja mnawakumbuka? Januari 2023 Arsenal imewafunga United 3-2, ligi ndio kwanza imefika nusu, wao asubuhi yake wakaingia barabarani na jezi na kombe. Kombe! Walilipata wapi sijui, ligi yenyewe mwisho wa siku ilichukuliwa na Manchester City. Polisi wakawabeba, eti maandamano bila ruhusa. Mimi kama mtu wa United sikufurahi, hapana, nilitabasamu kidogo tu. Lakini kuna kitu wale vijana hawakukipigia hesabu. Wewe katika nchi hii unawezaje kufikiria utamkimbia afande? Angalia dhahabu zetu za Olimpiki. Akii-Bua, Munich 1972, mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82, rekodi ya dunia, alikuwa polisi. Kiprotich, marathoni London 2012, askari magereza. Cheptegei wa mbio ndefu, polisi. Peruth Chemutai mwenyewe dhahabu yake ya Tokyo ni ya kukimbia mita 3000 huku anaruka vizuizi na maji! Nchi ambayo mabingwa wake ni hao, wewe unatoka na kombe la dukani na viatu vya kandambili unasema utakata kona uponyoke.

Hiyo ya Kiprotich acha niiseme vizuri maana ni tamu. Sisi hapa ukivuka barabara uko Kenya, na kwenye mbio wale jirani walikuwa hawatuachii hata pumzi. Siku hiyo London wa pili Mkenya, Abel Kirui, wa tatu Mkenya, Wilson Kipsang, na mbele yao kuna mtu mmoja na bendera yenye korongo. Upande wa pili kukawa kimya, hata redio zilipunguzwa. Jioni nikavuka makusudi, sina ninachonunua, nimeenda tu kusalimia. Jirani mmoja muuza vitunguu akaniambia "lakini yule kijana si alikuwa anafanya mazoezi kwetu Eldoret, kwa hiyo ni wetu". Dhahabu ya kwanza tangu 1972, miaka 40 tumengoja, na huyu anataka kuigawa kama shamba la marehemu.

Na umaarufu wenyewe sielewi unagawanywa na nani. Hapa stendi kuna boda zimeandikwa Saka, zimeandikwa Ronaldo, moja imeandikwa Messi Mungu Mkubwa. Ya Cheptegei sijaiona. Mtu ameshika rekodi ya dunia ya mita 5000 na ya 10,000, zote ameziweka 2020, ile 2020 wengine tulikuwa tunashindwa kukimbia hata kutoka kitandani, lakini leo akiteremka hapa na kofia kichwani, naapa watamuuliza mahindi anauza bei gani. Akii-Bua alipewa barabara kule Nakasero, na kuna kijana wa boda Kampala alinihakikishia eti huyo alikuwa tajiri wa maploti.

Kwenye mpira wa nyumbani sina la kusema sana. CHAN ya Agosti 2025, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, tuliandaa sisi pamoja na Kenya na Tanzania, zote tatu tukaingia robo fainali na zote tatu tukatokea hapo hapo. Sarafu moja ya Jumuiya imewashinda miaka yote, lakini kurudi nyumbani pamoja, hiyo imetekelezwa ndani ya siku mbili.

Sasa Agosti 2024, Paris, fainali ya mita 10,000, saa nne na kitu usiku kwetu. Naingia kibanda cha video nakuta wanatazama marudio ya mechi ya kirafiki. Marudio! Ya kirafiki! Namwambia mwenye kibanda mzee geuza, Cheptegei anakimbia, ananijibu riadha haina watu, mizunguko 25 nani atakaa. Nikabembeleza, stima ikapotea, jenereta ikawashwa, kwa bahati ilipowaka ikawaka kwenye mbio. Waethiopia watatu wanapokezana mbele, kibanda kimenuna, mtu mmoja anauliza goli liko wapi. Ilipolia kengele ya mzunguko wa mwisho jamani, Cheptegei ameshafyatuka, kibanda chote juu, benchi moja likavunjika, 26:43.14, rekodi ya Olimpiki, watu wanakumbatiana, "tumeshinda, tumeshinda", na anayelia kwa sauti kuliko wote ni yule aliyeuliza goli.

Mwenye kibanda naye "tumeshinda", kisha akaanza kupita na bakuli, eti mechi ni moja na Olimpiki ni nyingine, kiingilio mara mbili, na benchi pia lilipwe. Tukatoa. Muuza vitunguu alikuwa hapo, amepiga kelele mpaka sauti imekauka, bakuli lilipomfikia akasema yeye ni mgeni tu, Mkenya, mambo ya Uganda hayamhusu.