Njia Tuli Zinaonewa Bure

Mwambie fundi wa mitandao kwamba ruta zako zinatumia njia tuli, yaani njia zilizoandikwa kwa mkono, uone atakavyokutazama. Swali lake la kwanza litakuwa kwa nini hukuweka OSPF, itifaki (kanuni za mazungumzo) ambayo ruta huitumia kufundishana njia zenyewe kwa zenyewe. Njia tuli zimeshapachikwa jina la somo la wanafunzi: unazisoma mwanzoni, unazifanyia mtihani, kisha unahamia kwenye mambo ya wakubwa. Dharau hiyo haina msingi. Mitandao mingi iliyosheheni itifaki ingekwenda vizuri zaidi kwa mistari michache iliyoandikwa kwa mkono, na cha kuangaliwa kabla ya kuamua ni umbo la mtandao, si ukubwa wake.

Kazi ya ruta ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Pakiti, yaani kipande cha data, ikiingia, ruta husoma anwani ya IP ya inakokwenda, hutafuta kwenye jedwali lake la njia, kisha huikabidhi kwa ruta inayofuata. Basi. Haijui safari nzima wala haina haja ya kuijua, kwani kila ruta njiani itaamua upya kwa jedwali lake yenyewe. Kila inapopita, hesabu ya TTL, yaani idadi ya ruta ambazo pakiti bado inaruhusiwa kupita, hupungua kwa moja, na ikifika sifuri pakiti hutupwa.

Jedwali hilo, likiachwa bila msaada, linajua mitandao iliyochomekwa moja kwa moja kwenye poti za ruta tu. Mingine yote lazima liambiwe. Ama ruta nyingine zilitangazie kwa kutumia itifaki, ama mtu akae aandike. Anayeandika ndiye anayeweka njia tuli.

Chukua ruta A na ruta B, zimeunganishwa kwa laini yenye anwani 10.0.0.1 upande wa A na 10.0.0.2 upande wa B. Nyuma ya A kuna mtandao wa 192.168.10.0/24, nyuma ya B kuna 192.168.20.0/24. Namba iliyo baada ya mkwaju ni maski: inasema ni biti ngapi za mwanzo za anwani zinazoutambulisha mtandao, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo mtandao unavyokuwa mdogo. Kwenye A, ikiwa ni mashine ya Linux, utaandika:

ip route add 192.168.20.0/24 via 10.0.0.2

Ukiishia hapo hakuna mawasiliano. Pakiti itafika kwa B, itafika hata kwenye kompyuta iliyokusudiwa, na jibu litaandaliwa. Ila B haijui 192.168.10.0 iko wapi, kwa hiyo jibu linafia mikononi mwake. Aliyekaa upande wa A anaona pingi (ujumbe wa kujaribu mawasiliano) haijibiwi, anaanza kuichokonoa A, ambayo haina kosa lolote. Njia huandikwa pande zote mbili, kwenda na kurudi, kwa sababu ruta haikumbuki pakiti ilitokea wapi. Hili wengi hulijua kwa mdomo, lakini vidole husahau.

Jambo la pili linalochanganya watu ni nani anashinda pale njia mbili zinapolingana na anwani moja. Ukiwa na njia ya 10.0.0.0/8 na nyingine ya 10.5.0.0/16, pakiti ya 10.5.7.9 itafuata ya pili, kwa sababu inaitaja anwani hiyo kwa karibu zaidi. Njia chaguo-msingi, yaani 0.0.0.0/0, ndiyo ya mwisho kabisa: hutumika pale nyingine zote zinaposhindwa. Sasa, utasikia watu wakisema njia tuli hushinda OSPF kwa sababu kwenye ruta za Cisco ina umbali (kipimo cha kuaminika kwa njia, kidogo ndicho hushinda) wa 1 na OSPF ina 110. Ni kweli, ila ni pale tu zote mbili zinapoelekea mtandao uleule wenye maski ileile. OSPF ikileta /24 iliyo ndani ya /16 uliyoandika wewe, /24 ndiyo itakayofuatwa, na namba 1 yako haitakusaidia kitu.

Turudi kwenye umbo. Hoja kubwa dhidi ya njia tuli ni kwamba hazikui. Hesabu yake ni hii: ruta 20, kila moja ina mtandao wake mmoja, na kila moja inapaswa kuijua mitandao 19 ya wenzake. Hiyo ni mistari 380. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka kuitunza. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba kila ruta lazima ijue kila kitu. Zipange ruta hizohizo 20 kwa umbo la kitovu na matawi, moja katikati na 19 pembeni. Kila tawi linahitaji njia chaguo-msingi moja tu kuelekea kitovu, na kitovu kinahitaji mistari 19 ya kurudi kwenye matawi. Jumla 38. Idadi ya ruta haikubadilika.

Tawi lenye mlango mmoja wa kutokea halina cha kuchagua. Ukiliwekea itifaki, ruta zitasalimiana kila baada ya sekunde 10, zitajenga ramani, zitapiga hesabu, kisha zitakuletea jibu ulilolijua tangu mwanzo. Na juu ya hapo umeongeza kitu kingine cha kulinda, kwa sababu itifaki maana yake ni ruta kuamini maneno ya jirani. Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom ilitangaza kwa BGP, itifaki ya njia za intaneti nzima, kipande cha /24 kilichokuwa ndani ya /22 ya YouTube. Kanuni ni ileile ya hapo juu: /24 ikashinda, na kwa takriban saa mbili watu wa sehemu nyingi duniani hawakuipata YouTube. Simaanishi kwamba intaneti yenyewe iendeshwe kwa mkono, haiwezekani. Jedwali lake la IPv4 lina zaidi ya njia laki tisa. Nasema tu kwamba kuamini kuna gharama, na tawi la pembeni halina sababu ya kuilipa.

Udhaifu halisi wa njia tuli uko kwingine, nao ni ukimya. Kebo iliyounganisha ruta mbili moja kwa moja ikikatika, poti huzima na, kwenye ruta kama za Cisco, njia huondoka kwenye jedwali. Hapo sawa. Lakini ukiweka swichi katikati, upande wa pili unaweza kufa na poti yako ikaendelea kuwaka. Njia inabaki, pakiti zinatupwa shimoni, na ruta haioni tatizo. Wengi hukimbilia kuandika njia ya akiba yenye umbali wa 200, wakidhani wamemaliza. Njia hiyo haitaamka mpaka ile ya kwanza iondoke, na ya kwanza haina mpango wa kuondoka. Lazima uongeze kipimo kinachoichungulia ruta ya pili kila mara, kama BFD. Kwangu mimi, ukishafika hapo na una milango miwili ya kutokea, weka itifaki tu. Unajaribu kuijenga kwa vipande wakati ipo tayari.

Kuna mtego mwingine unaotokana na ule mpango wa kitovu na matawi. Tuseme kitovu kinatuma 10.5.0.0/16 yote kwa tawi moja, na tawi hilo linatumia 10.5.1.0/24 tu. Mtu akiitafuta 10.5.200.1, kitovu kinaipeleka kwa tawi. Tawi haliijui, linafuata njia chaguo-msingi, linairudisha kitovu. Kitovu kinaipeleka tena. Pakiti inapigwa danadana hadi TTL iishe, na ikiwa ilianza na 64 au 128, laini yako imebeba mzigo huo mara hizo zote kwa pakiti moja isiyo na kwao. Dawa ni mstari mmoja kwenye tawi: 10.5.0.0/16 kuelekea Null0, yaani jalalani. Mtandao wa /24 uliopo kweli utaendelea kupata pakiti zake kwa kuwa unatajwa kwa karibu zaidi, na zilizobaki zitatupwa palepale zinapofika.