Presha Imejaa

Kabla hamjaendelea kuiamini ile habari inayozunguka mji wa Lamu tangu Ijumaa, kwamba nililia na kupiga shahada kwenye yoti niliyokuwa nikiifunga geji: sikulia. Mtu akilala masaa matatu chini ya dashibodi ya yoti, jasho likamwingia machoni, kutoka gatini ataonekana analia. Na shahada sikuipiga kwa sauti, niliipiga kimoyomoyo. Huyo aliyewasimulia alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, basi awaambie na yeye alisaidia nini. Alikuwa anakula mkate wa mofa.

Yoti yenyewe mnaijua, ile nyeupe ya dizeli mbili, ya Kimarekani, ya miaka ya 80. Geji zake, zile saa za kuonyesha hali ya injini, zilikuwa zimeota ukungu wa chumvi ndani ya vioo, na ile ya oili ya kushoto sindano iliganda zamani. Mwenyewe akaja na geji mpya begini kutoka Ujerumani. Akaniuliza kama naweza kuzifunga. Mimi, niliyefunga taa za boti za nusu ya mtaa wa Mkomani!

Nikafunga. Waya wa moto, waya wa ardhi, waya wa sensa, kila mmoja pake, na tepu nimezungusha kama mtu anayesuka ukili. Sensa zilizoko kwenye injini, zile zinazopima presha na kuipelekea geji habari, sikuzigusa, zilikuwa nzima, nizisumbue za nini? Rafiki yangu akasoma mgongoni mwa geji: "Hapa wameandika 10 hadi 180." Nikamwambia hizo ni namba za kiwanda, anipe koleo. (Mafundi mshaanza kucheka. Ngojeni.)

Nikazungusha ufunguo, injini bado sijaziwasha. Sindano mbili za oili zikaruka mpaka mwisho zikatulia. Nikapiga kofi: "Ona kitu kipya! Hata hatujawasha, presha imejaa!"

Isomeni tena hiyo kauli. Mimi niliyeitamka sikuisikia.

Tukawasha. Sindano zikashuka kidogo, nikasema zinazoea. Tukafungua kamba, tukaingia katikati ya mkondo, nikaongeza mafuta. Sindano zikaanza kushuka. Nikaongeza tena ili presha ya oili ipande. Zikashuka zaidi, zote mbili, bega kwa bega, zikaenda kulala karibu na sifuri. Sasa mtu mwenye akili angejiuliza: injini mbili, kila moja na sampu yake ya kuwekea oili, pampu yake, oili yake, zitakauka vipi dakika moja kama wachumba walioahidiana kufa pamoja? Mimi nilipiga kelele "Injini zinakufa!" nikazima zote.

Kimya. Halafu ndiyo nikakumbuka kwamba maji yalikuwa yanakupwa, tena ya bamvua, maji makubwa.

Nanga? Nanga ilikuwa gatini, tumeiteremsha asubuhi kupaka mnyororo rangi.

Boti ikageuka ubavu kama kaa na kuanza kuteremka kuelekea kijiji cha Shela, kwa mwendo wa mtu anayetembea huku anazungumza. Hapo ndipo niliponyongeka. Ingekwenda kasi tungepita wakaona chombo tu. Ilikwenda pole, mbele ya ukuta wote wa pwani, baada ya swala ya Alasiri, wazee wamejipanga barazani na kahawa. Na Lamu mnaijua, mtu akikusalimu huwezi kunyamaza.

"Salaam aleikum!"

"Waaleikum salaam, Ami."

"Mwaenda wapi?"

Na huyu rafiki yangu, mofa mdomoni, akajibu, "Shela!" Kama tumepanga.

Baraza la pili: salaam, hali, watoto hawajambo, mbona boti yaenda upande? Nikasema tunaijaribu. Baraza la tatu kuna bwana akauliza kama tuna nafasi ya mtu mmoja na gunia la mchele. Watoto wakawa wanatufuata kwa miguu bila hata kuharakisha. Tukapita hospitali ya punda, na naapa kuna punda aliacha majani akanitazama mpaka tukamwacha. UNESCO waliuweka mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na mji mzima ulikuwa umetoka kunitazama mimi.

Tulivutwa na mashua ya mchanga. Mwenye mashua, Ami mmoja aliyezeeka na mashini, akapanda kwetu, akafuta mikono, akainama kwenye dashibodi. Ufunguo nilikuwa sijauzima.

"Mashini umezizima?"

"Nimezizima, Ami."

"Zote?"

"Zote."

"Na presha imejaa?"

Nikatazama. Sindano mbili zimesimama mwisho kabisa, zinang'aa. Nikatafuta pa kujificha kwenye boti ya futi 42, sikupaona.

Kwa wasio mafundi: injini ikiwa imezimwa, presha ya oili huwa sifuri. Sensa za Kimarekani, presha ikiwa sifuri hutoa omu 240 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ikijaa hushuka hadi 33. Zile geji zilitaka kinyume, 10 kwenye sifuri na 180 ikijaa. Kadiri injini zilivyozidi afya, ndivyo geji zilivyozidi kutangaza msiba.

Ami akawasha mwenyewe, akabandika kijiti juu ya injini na ncha nyingine sikioni, akasema oili ipo tele, akatupeleka gatini kwa injini zetu wenyewe huku mashua yake ikitufuata nyuma. Sensa za 10 hadi 180 zikaagizwa, zikafika Mokowe kwa basi, nimezifunga jana, zinasema kweli. Mwenye yoti ameambiwa ilikuwa safari ya majaribio. Nawaomba mliobaki muendelee kumwambia hivyo.

Pesa Ami alikataa, akataka halua. Nikanunua kilo. Nikampa rafiki yangu aipeleke, na leo nimesikia imefika nusu kilo.