Betri moja, kazi mbili
Nilimwambia fundi mara tatu: friji ya hii matatu kuukuu niliyoigeuza nyumba iwe na betri yake. "Sawa mkubwa." Kisha akaifunga kwenye betri ya kuwashia injini, bila hata fyuzi! Waya wenyewe ni ule mwembamba wa spika, umezungushiwa tepu ya karatasi.

Asubuhi pale Dunga, Kisumu, nageuza ufunguo: tik. Tik tik. Betri ya volti 12 imeshuka hadi 10.4. Betri ya kuwashia injini imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache tu. Ukiinyonya usiku kucha unaiua. Nampigia simu, ati "ungezima friji ukilala". Nizime, halafu samaki wangu, ngege, waoze?