Usiuze Upinde Mzee Kabla Hujautazama Mshale

Kila nikikutana na mtu anayetaka kuuza upinde wake wa magurudumu, ule wa kisasa wenye gurudumu kila ncha, kwa sababu "umechoka, haulengi tena", humwuliza swali moja: mishale yako imeandikwa namba gani? Wengi hawajawahi kutazama. Upinde wanaujua mpaka kutu ya bolti zake, lakini mshale kwao ni mshale tu. Hapo ndipo tunapobishana. Upinde wa miaka ya 1990 uliotunzwa vizuri bado ni chombo kamili, na aliyeshindwa kuupatanisha na mishale yake atashindwa hata na mpya. Kipya kinyemi, lakini hakikufundishi kazi.

Wangu niliupata hapa Bombo, Uganda, kwa jirani aliyekuwa anahama. Ni wa ratili 60, yaani kama kilo 27 za kuvuta kabla magurudumu hayajageuka na kukupunguzia mzigo. Ni mrefu, zaidi ya mita moja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na mimi naupendea urefu huo: mkono ukitikisika kidogo, upinde mrefu hauyumbi upesi kama hivi vifupi vya siku hizi. Ulikuja na mishale 11 ya alumini katika podo moja. Nilisimama hatua 20 kutoka kwenye gunia nililolishindilia nguo kuukuu, nikapiga. Mishale ilitawanyika kama vifaranga walioona mwewe.

Kwa miezi miwili nililaumu upinde. Nilikaza hiki, nikalegeza kile, kila jioni jambo jipya, mpaka sikukumbuka tena nilipoanzia.

Kilichonizindua ni matembezi ya msitu wa Mgahinga, kusini-magharibi mwa Uganda. Aliyetuongoza alikuwa mzee wa Kitwa, wa jamii ya Batwa. Watu wake waliishi kwa kuwinda katika misitu ile, mpaka ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991 wakatolewa. Alipotaka kutuonyesha namna ya kupiga, upinde hakuugusa kwanza. Alichukua mshale, akafumba jicho moja, akauzungusha taratibu vidoleni huku akiutazama kuanzia mkiani hadi nchani. Akauweka chini. Akachukua wa pili, naye akauweka chini. Wa tatu ndio aliokubali.

Niliporudi nyumbani nilimwaga podo langu mkekani nikasoma mishale mmoja mmoja. Sita iliandikwa 2117, mitano 1816. Namba hizo zina maana. Tarakimu mbili za kwanza ni unene wa mshale kwa sehemu za 64 za inchi, mbili za mwisho ni unene wa ukuta wa bomba lake kwa sehemu za 1,000 za inchi. Basi 2117 una kipenyo cha milimita 8.3 hivi, na 1816 milimita 7.1. Tofauti hiyo huwezi kuijali ukiwa umeshika mshale mkononi, ila uzi ukiachiwa, mshale wote hupinda na kujinyoosha kama fimbo ya mwanzi, na ule mwembamba hupinda kupita kiasi. 1816 unafaa upinde wa mtoto au wa mtu anayevuta ratili chini ya 40. Nilikuwa napiga mishale ya aina mbili na kutaka itue mahali pamoja!

Ile mitano niliitenga siku hiyohiyo.

Halafu nikaugeukia uzi, ambao wazee wetu waliuita upote. Uzi wa upinde hurefuka kwa miaka, na kebo, zile kamba zinazounganisha magurudumu, nazo hurefuka, lakini hazirefuki sawa. Kwangu gurudumu la juu lilikuwa linafika mwisho kabla ya la chini. Ukivuta unahisi vigongo viwili badala ya kimoja. Ndugu yangu mmoja aliniletea uzi na kebo kutoka ng'ambo, za aina ileile upinde ulioundwa nayo, maana nyuzi za kisasa zisizonyumbuka zinaweza kuupasua upinde ambao haukujengwa kwa ajili yake. Mashine ya kuubana tuliiazima Kampala. Nakusihi usijaribu kuvua uzi bila mashine hiyo. Nguvu iliyofungwa katika ile mikono miwili ya upinde, wa juu na wa chini, inatosha kukuvunja taya. Kabla ya yote pitisha pamba juu ya mikono yenyewe, juu na chini. Ikinasa nyuzinyuzi mahali, pana ufa, na upinde huo usipige tena.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya karatasi. Unatanda ukurasa wa gazeti kwenye fremu, unasimama mita mbili mbele yake, unapiga mshale upite katikati hadi kwenye gunia. Tundu linakusomea habari yote. Nilipiga kwanza 1816 makusudi: ncha ilitoboa duara safi, lakini manyoya yalichana karatasi kwenda kushoto karibu sentimita tatu. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia na kutumia kifyatulio, kile kifaa cha kuachia uzi badala ya vidole, huo ni mshale dhaifu, yaani unaopinda kupita kiasi. Nikaweka 2117. Mchano ukapungua ukawa sentimita moja, ila sasa ulielekea juu na kushoto kidogo. Wa juu ulimaanisha uzi unashika mkia wa mshale juu mno, nikashusha alama ya uzi milimita mbili. Wa kushoto niliutibu kwa kusogeza kiegemeo cha mshale kushoto, chini ya milimita moja. Shemeji yangu aliyekuwa ameshika fremu alicheka: hatua ndogo hivyo itabadili nini? Tundu lililofuata lilikuwa duara lenye alama tatu za manyoya, basi.

Wengi huishia hapo, na mimi nasema wanaishia njiani. Ncha ya mazoezi ni laini na inaficha ugonjwa. Kigumba cha kuwindia kina nyembe mbele, nazo hushika upepo kama bawa. Mshale ukitoka umepinda japo kidogo, nyembe zinauvuta kwao na manyoya yanavuta kwao. Nilipiga ncha tatu za mazoezi hatua 20, zikakaa pamoja. Nikapiga vigumba vitatu vya uzito uleule, gramu 8, vikatua sentimita 18 kushoto.

Kipande cha kifua cha swala chenye moyo na mapafu ni kama sahani ya wali. Sentimita 18 kutoka katikati yake umeshatoka nje ya sahani. Umempiga tumboni au begani, na anakwenda kufa porini kwa siku mbili. Mjomba wangu aliwinda kabla ya marufuku ya mwaka 1979, na mpaka leo anamsimulia swala mmoja aliyemfuata usiku kucha asimpate. Siku hizi Uganda humpigi mnyama bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, na uwindaji wa leseni uliorudi mwaka 2001 ulianzia kwa majaribio kando ya Ziwa Mburo. Mimi nalenga gunia tu. Lakini nadhani hata mwenye kibali mkononi hana haki ya kumwachia mnyama mshale ambao hajaujaribu na kigumba chenyewe.

Dawa yake ni uvumilivu. Kwanza niliusimamisha kila mshale kwenye ncha yake nikauzungusha; miwili iliyumba. Kwa kuwa mshale ni wa alumini na kishikio cha kigumba kimegandishwa ndani yake kwa gundi ya moto, nilipasha mbele yake kidogo juu ya sigiri, nikakigeuza kishikio hicho mpaka kikazunguka bila kutikisika. Wa kaboni usiufanyie hivyo, utauharibu. Kisha nikavifuata vigumba: vilikuwa kushoto, nikasogeza kiegemeo kulia nusu milimita, nikapiga tena zote sita, nikasogeza tena. Sentimita 18 zikawa 11, zikawa 5. Nikalegeza bolti za mikono yote miwili mzunguko mmoja mmoja, sawasawa, mzigo ukapungua kidogo na mkono wangu ukatulia.

Ijumaa jioni mjomba alikuja akakaa kwenye kigoda karibu na ukuta. Nilipiga ncha tatu, nikapiga vigumba vitatu. Alikwenda mwenyewe kwenye gunia, akaweka kiganja juu ya mishale sita, na kiganja kikaifunika yote.

"Vizuri, mpwa wangu," akasema. "Sasa rudi nyuma hatua tano."