Liache boga lipoe kwenye sufuria

Boga la Kijapani linalochemshwa taratibu kwa sukari na sosi ya soya, wenyewe wanaliita kabocha no nimono, halina mambo mengi. Boga, maji au supu ya dashi, sukari, sosi ya soya, na kwa anayeitumia, mirin kidogo, ile divai tamu ya mchele ya kupikia. Ndiyo maana inaniuma nikiona linavyoharibiwa: moto mkali, mwiko unazunguka ndani ya sufuria, halafu linapakuliwa likiwa bado linafuka mvuke. Kwa maoni yangu, boga hili likipakuliwa moto moto halijaiva. Kupoa ni sehemu ya mapishi yake.

Nilijifunza kulipika Sapporo, majira ya baridi, nilipokuwa nimepanga chumba kwenye jengo moja la zamani. Mlango wa pili alikaa mama mzee, nikimwita Obaasan, yaani bibi, kama walivyomwita wapangaji wengine. Siku moja ya Desemba, theluji imefika magotini, alinigongea akiwa amepakata boga zima, akaniuliza kama kwetu yapo. Nikamwambia yapo, tena mengi. Akasema basi njoo uone letu linavyopikwa.

Ilikuwa siku ya toji, ile yenye mchana mfupi kuliko zote katika mwaka, ambayo kwa kawaida huangukia tarehe 21 au 22 Desemba. Siku hiyo Wajapani wengi hula boga na kuoga maji ya moto yaliyotiwa yuzu, tunda la jamii ya ndimu lenye harufu nzuri sana, wakiamini yatawakinga na mafua. Imani hiyo ina mizizi jikoni. Maboga huvunwa kiangazi hadi vuli, na ganda lao gumu huyatunza mpaka wakati mboga za majani zimeadimika. Inasemekana ni Wareno waliolifikisha boga Japani katika karne ya 16, wakitokea Kambodia, na jina la nchi hiyo ndilo lililogeuka likawa kabocha. Leo Hokkaido, kisiwa ulipo mji wa Sapporo, ndiyo inayoongoza kwa kulima maboga Japani.

Boga lenyewe ni dogo, kijani iliyokoza kwa nje, na gumu kama nazi. Obaasan hakupigana nalo. Alichomeka ncha ya kisu pembeni mwa kikonyo, akaushusha mpini polepole kwa uzito wa mwili wake mpaka ganda likalia ka! Akaligeuza, akarudia upande wa pili, likafunguka. Nyama yake ilikuwa ya rangi ya machungwa, kavu, mbegu zimenenepa. Akazikwangua kwa kijiko, akakata vipande vya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Ganda hakulimenya lote. Aliliparura hapa na pale likabaki na mabaka, ili mchuzi upate pa kupenya na kipande kisisambaratike. Kisha akashika kimoja kimoja, akakinyoa kingo zake kali. Kazi hiyo inaitwa mentori, na wapishi wengi wa siku hizi wanairuka. Mimi siiruki. Kingo ndizo zinazoanza kupondeka vipande vikigongana, na zikishapondeka mchuzi unakuwa uji.

Alivipanga kwenye sufuria safu moja, ganda chini, vimebanana. Kwa robo ya boga, kama gramu 400, mimi hutia maji mililita 250 hadi 300, yasifunike vipande kabisa. Sukari vijiko viwili vya chakula hutangulia, na sosi ya soya kijiko kimoja na nusu hufuata baada ya dakika chache. Mpangilio huo Wajapani wanaukariri kama watoto wanavyokariri a, e, i, o, u: sa, shi, su, se, so. Kila silabi ni ya kiungo kimoja kwa jina lake la Kijapani: sukari, chumvi, siki, sosi ya soya, na miso, yaani rojo la soya iliyochachushwa. Maelezo yao ni kwamba sukari huingia taratibu kuliko chumvi, kwa hiyo ipewe nafasi yake kwanza. Juu ya vipande akalaza otoshibuta, mfuniko wa mbao mdogo kuliko mdomo wa sufuria, unaokaa juu ya chakula chenyewe. Unavituliza vipande na kuurudisha mchuzi juu yake. Usipokuwa nao, karatasi ya kuokea iliyokatwa duara na kutobolewa katikati inatosha.

Moto ulikuwa mdogo. Baada ya dakika tano hivi nikachukua mwiko ili nivigeuze, akanishika mkono. "Sawaranaide." Usiguse.

Dakika kumi na mbili zilipotimu alichoma kipande kwa kijiti, kikapita bila kusukumwa. Akazima. Mimi nilikuwa nimeshatandika bakuli. Yeye akafunika sufuria, akaanza kuandaa chai. Tulikaa karibu saa nzima tukizungumza habari za wajukuu zake, na sufuria iko palepale. Wapishi wa Kijapani wanasema ladha huingia chakula kinapopoa, na ulimi wangu umewakubali. Boga la moto lina utamu nje na ubutu ndani. Likishapoa, sosi imefika hadi kwenye moyo wa kipande, na ile nyama ya unga imeshikamana bila kuwa na majimaji.

Nimesema unga, na hapo ndipo pa kuwa makini sokoni. Kama tunavyotofautisha muhogo wa unga na wa maji, Wajapani wana neno hokuhoku kwa boga au kiazi kinachomumunyuka mdomoni kikiwa kikavu kidogo. Boga la maji halifai kabisa kwa pishi hili. Chagua zito lenye kikonyo kilichokauka kikawa kama kizibo. Boga lililokaa wiki kadhaa baada ya kuvunwa ni tamu zaidi, maana wanga wake umeanza kugeuka sukari.

Kuhusu mirin, ina kileo. Mwislamu asiyeitaka aiache, aongeze sukari nusu kijiko, na asidhani amepungukiwa na kitu. Dashi nayo, ile supu ya mwani wa kombu na samaki mkavu wa jamii ya jodari, ni nzuri, lakini boga tamu linajitosheleza kwa maji matupu.

Nisichokikubali ni kitunguu saumu, pilipili na krimu ambavyo baadhi ya mapishi ya mtandaoni yanavirundika humu ili boga lifanywe chakula kikuu. Nyumbani kwa Obaasan lilikuwa vipande vitatu ndani ya kibakuli kidogo, pembeni ya wali, supu ya miso na samaki wa kuchoma. Samaki alikuwa na chumvi, supu ilikuwa ya moto, na boga likaleta utamu na ubaridi ambao hapakuwa na kingine mezani cha kuuleta. Likijazwa sahani nzima linakinaisha. Boga la nazi la futari kwetu pwani nalipenda mno, ila pale tui linatawala na boga linafuata. Huku boga limeachiwa nafasi lizungumze lenyewe, kwa sauti ya chini.

Vipande vilivyobaki alinifungia kwenye kibakuli chenye mfuniko. Nilivila kesho yake asubuhi kwa wali wa jana, vikiwa baridi, mchuzi umekuwa mzito kwenye mikunjo ya ganda, na vilikuwa vitamu kuliko jioni ile.